Umeweka L4 na gari bado limenasa: tuanze kutafuta

Simu za masika zinafanana. Mtu yuko Kibosho kwenye kichochoro cha migomba, au njia ya Engaruka, au ametoka kidogo tu nje ya Karatu, na neno la kwanza ni lile lile: "Fundi, nimeweka fowili na haivuti." Fowili ni gari kuvuta kwa matairi yote manne; L4 ni fowili hiyo kwenye gia za polepole. Injini nyuma yake inalia mpaka simu inakwaruza. Huwa namwambia azime gari, ashuke, anijibu maswali matatu. Tairi gani lilikuwa linazunguka? Ule mkono mfupi wa gia uko kwenye herufi gani? Na mkono mkubwa ulikuwa namba ngapi?

Kwa majibu hayo, mara nyingi tatizo linajulikana kabla sijavaa viatu. Nimeendesha wageni miaka mingi kabla ya kuhamia gereji hapa Arusha, na L4 iliyoharibika kweli kweli nimekutana nayo mara za kuhesabu. Ninayokutana nayo kila masika ni L4 iliyowekwa gari likiwa limeshakaa kwa tumbo, au iliyoingia nusu, au iliyowekwa na dereva ambaye habu zake za mbele (vile vifungio vya katikati ya tairi vinavyoliunganisha na ekseli) bado ziko wazi.

Wengi huiita gia ya nguvu. Nguvu ipo, ila mimi naiita gia ya polepole, na nikimfundisha kijana namtaka afikirie hivyo. Ndani ya transfa, kile kiboksi cha pili nyuma ya giaboksi, kuna seti nyingine ya meno inayopunguza mzunguko kabla haujafika kwenye propela, ile mihimili ya chini inayoelekea mbele na nyuma. Kwa Land Cruiser na Hilux nyingi ni kama mara mbili na nusu. Jimny ni kama mara mbili. Maana yake, kwa gia ile ile na mlio ule ule wa injini uliokuwa unakupeleka kilomita 20 kwa saa, sasa unakwenda 8. Gari linatambaa bila wewe kugusa klachi, na linateremka bila wewe kukalia breki. Ndiyo maana L4 huwekwa kabla ya mlima, kabla ya tope, kabla ya korongo. Ukishanasa, imebaki nusu ya faida yake.

"Nimeitafuta hiyo L4 siioni"

Basi huenda haipo. RAV4, Noah ya fowili na jamaa zao zinasukuma matairi yote manne lakini hazina hiyo seti ya pili ya meno. Maandishi ya 4WD nyuma ya gari hayakuambii lolote kuhusu L4. Tafuta mkono mfupi wa pili pembeni ya gia, au kitufe cha kuzungusha chenye herufi L. Kwenye Pajero nyingi mkono wenyewe umeandikwa 4LLc. Kama huoni chochote cha namna hiyo, gari lako ni la barabara yenye utelezi wa kiasi, na mlima wa Uru baada ya mvua ya usiku utausubiri ukauke kama sisi wengine tunavyosubiri daladala.

"Mkono hauingii"

Simamisha gari kabisa. Sikusema punguza mwendo. Kwenda H4 (matairi manne, mwendo wa kawaida) kutoka H2 (mawili ya nyuma tu) kwa Toyota nyingi unaweza ukiwa unatembea, mradi habu zimefungwa, matairi yako sawa na hayazunguki ovyo. L4 ni habari nyingine: gari limesimama, mguu kwenye breki, klachi chini mpaka mwisho, ndipo uvute. Otomatiki unaweka N kwanza. Kwenye magari mengi mkono unataka kusukumwa chini kidogo unapopita katikati, na vijana wengi hawajui hilo kwa sababu hawajawahi kuugusa tangu gari litoke bandarini.

Ukigoma, usipige kwa kiganja. Meno hayajalingana tu. Ingiza gia namba moja ya mkono mkubwa, achia klachi kidogo sana gari litikisike, kanyaga tena, rudisha katikati, jaribu. Au liache lijongee hatua moja mbele kisha lisimamishe. Likigoma mara tano, basi fimbo za chini zimejaa vumbi na kutu. Hilo ni tatizo la gari linaloshinda mjini mwaka mzima: fimbo hazijatembea, grisi imekuwa jiwe. Dawa ni kupuliza, kusafisha, kupaka grisi, halafu kuwa na desturi ya kuingiza na kutoa L4 angalau mara moja kwa mwezi kwenye barabara ya vumbi.

Kati ya H na L kuna N. Mkono ukibaki hapo, gia zote zinaingia, injini inalia, gari halisogei. Hilo ni la kuchekesha mkiwa tambarare. Kwenye mteremko si la kuchekesha hata kidogo: transfa ikiwa N, gari la manyuo halishikiliwi na namba moja, na la otomatiki halishikiliwi na P. Linaondoka na wewe ukiwa umeshuka kuangalia tairi. Kwa hiyo hendibreki kwanza, jiwe nyuma ya tairi, halafu ndio uchezee mkono mfupi.

"L4 imeingia, ya nyuma yanazunguka, ya mbele yamelala"

Hili ndilo kubwa, nikae nalo.

Masika moja nilikuwa ukweni Kibosho. Jirani, kijana wa Hilux, alikuwa amepakia simenti anapandisha kwa mdogo wake. Udongo mwekundu wa kule ukinyeshewa unateleza kama sabuni ya kipande. Ameweka L4, mkono uko pale pale unapotakiwa, taa ya fowili imewaka kwenye dashibodi, na gari linachimba tu. Mama mmoja alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akasimama pembeni ya mfereji.

"Shikamoo mama," kijana akasema, bila kuondoa mguu kwenye mafuta.

"Marahaba. Mwanangu, hilo la mbele limelala. La nyuma ndilo linanirushia tope."

Jibu lilikuwa pale. Nilichota maji ya mfereji kwa kopo nikaosha habu ya kushoto: mshale uko LOCK. Nikazunguka kulia. Nikaosha, nikasugua kwa kidole gumba mpaka herufi zikaonekana. Mshale ulikuwa umesimama katikati, hauko LOCK, hauko FREE. Tope lilikuwa limeingia kwenye kile kidude cha kuzungusha, aliyekifunga asubuhi akadhani kimefika mwisho. Tulikizungusha mpaka kikagonga, *tak*. Simenti ikapanda.

Watu huuliza: kama ya kushoto ilikuwa imefungwa, mbona nayo haikuvuta? Kwa sababu ya difu, ile gia ya katikati ya ekseli inayogawa mzunguko kushoto na kulia. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande ulio mwepesi. Habu ya kulia ikiwa wazi, ekseli ya kulia inazunguka bure ndani kama pia, na ya kushoto haipati kitu. Habu moja wazi ni sawa na zote mbili wazi. Na taa ya dashibodi haijui habari za habu. Inajua mkono wa transfa umefika wapi, basi.

Kuna na hatari. Ukiwa L4 na habu wazi, ule msukumo uliozidishwa mara mbili na nusu unabebwa na ekseli ya nyuma peke yake. Ukikanyaga mafuta kwa hasira huku tairi limebana kwenye jiwe, kinachokatika ni hafushafti, ule mhimili wa ndani ya ekseli unaozungusha tairi. Hata hivyo mchezo huo una matumizi yake: ukitaka kurudisha tela nyuma kwa kutambaa kwenye uwanja mkavu, L4 na habu wazi inakupa upole bila kubana usukani. Mguu mwepesi tu.

Kama huna uhakika na fowili yako, usisubiri tope. Fanya jaribio hili kwenye uwanja tambarare, injini imezimwa. Habu zote LOCK, mkono mfupi H4 au L4, hendibreki juu, mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Piga jeki tairi moja la mbele mpaka liinuke. Lishike, jaribu kulizungusha kwa mikono. Likigoma baada ya kucheza kidogo, fowili ya upande huo inashika. Likizunguka kirahisi, kuna kitu kimeachana: habu haijashika, sivi jointi (kiungo cha mhimili wa tairi la mbele) imekatika, au transfa haijaingia. Shusha, rudia upande wa pili. Ukisikia *krrk krrk* wakati unazungusha, hiyo ni sivi jointi inakuaga.

Magari mengine hayana habu za mkono. Hilux na Surf nyingi za zamani zinafunga ekseli ya mbele kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Kule tafuta mipira myembamba inayoshuka kwenye difu ya mbele. Panya wa gereji wanaipenda, na miiba ya njiani inaichana. Mpira ukitoboka, mkono unaingia, kila kitu kinaonekana sawa, na mbele hakuna kitu.

"Yanazunguka mawili: la mbele kulia, la nyuma kushoto"

Hapa gari ni zima kabisa. Umevuka mfereji kwa mshazari, kona mbili zimeinuka hewani, na difu zinapeleka mzunguko kule kule kwenye hewa. L4 inafunga mbele na nyuma. Haifungi kushoto na kulia. Dereva mgeni hulaumu gari hapa, na mara nyingi huyo ndiye anayenipigia saa nane mchana akiwa amekata tamaa.

Kama una difu loki, kile kifungio cha kushoto na kulia, hapa ndipo mahali pake. Simamisha matairi kwanza yasizunguke, ndipo ubonyeze, songa polepole, subiri taa iache kumweta. Ya nyuma kwanza. Ya mbele ikifungwa, usukani haukatiki, kwa hiyo unakwenda mbele ulivyo, na unaifungua mara unapotoka. Kwa Toyota nyingi za zamani loki haikubali mpaka uwe L4, hivyo usishangae ukibonyeza ukiwa H na pakawa kimya.

Kama huna, jaza mawe chini ya tairi lililo hewani. Sio nyuma yake, chini yake. Au kanyaga breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku mafuta yakiwa mepesi; breki inalibana lile linalozunguka bure na mwenzake anapata chakula. Hii ya breki inahitaji mazoezi, na kwenye gari la klachi miguu inakuwa pungufu, ndiyo maana L4 namba moja inasaidia: inatambaa yenyewe bila klachi. Safari nyingine, vuka mfereji ukiunyooshea, tairi moja baada ya jingine kwa utaratibu uliouona kwa macho baada ya kushuka na kutembea.

"Yote manne yanazunguka, na linazama"

Acha. Ondoa mguu. Kila sekunde unayoongeza unachimba kaburi.

Sababu ya kwanza ni gia. Dereva ameweka L4 akaona kwa kuwa ni matatizo basi namba moja. Kwenye tope, L4 namba moja inapeleka msukumo mwingi kuliko udongo unavyoweza kushika, tairi linakata na kuteremka. Namba moja iachie mawe na miteremko mikali. Kwenye tope anza na L4 namba mbili, na kama gari lina injini nzito ya dizeli hata namba tatu, mguu umetulia. Mchangani nami mara nyingi sitaki L4 kabisa nikiwa natembea. H4 namba mbili au tatu inanipa mwendo wa kuelea juu ya mchanga. L4 naiweka nikitaka kujinasua.

Sababu ya pili ni upepo wa matairi. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka hadi Ngare Sero ina makorongo ya mchanga na lile vumbi jepesi la majivu ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao ulilipuka tena 2007 na 2008. Ukipita pale na upepo wa barabara ya lami, unaingia kama kisu kwenye siagi. Gari likiwa na wageni mimi hushuka hadi psi 22 hivi, na nikiwa nimeshanasa hadi 18. Tairi linarefuka chini, linabeba. Mwendo unakuwa mdogo, kona polepole, na unajaza tena kabla ya lami. Kama huna pampu kwenye gari, usipunguze.

Ya tatu ni udongo wenyewe. Udongo mweusi wa mbugani, ule wa Ndutu na Simanjiro, unajaza mikunjo yote ya tairi mpaka linakuwa duara la tope, laini kama mtungi. Hapo L4 haina cha kushika. Unasubiri jua, au unatafuta nyasi, au unakata matawi makavu. Nimewahi kulala Ndutu na wageni wanne kwa ajili ya mita thelathini za udongo mweusi, na asubuhi saa tano tulipita pale pale tukiwa H4 kama hakuna kilichotokea.

Likishakaa kwa tumbo, chasi ndiyo inabeba gari na matairi yananing'inia. Chepeo kwanza, gia baadaye. Na mkivutwa, kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikwa na chasi. Usifunge kwenye kile kichwa cha chuma, cha duara kama mpira, cha kuvutia tela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeua watu.

"Klachi inanuka mlimani"

Hili lilinitokea mwenyewe, na lilinigharimu mshahara wa mwezi, kwa hiyo nalisimulia bila kujipamba.

Barabara ya kupanda kutoka Lerai kwenda ukingo wa Ngorongoro inapandisha takriban mita 600. Nilikuwa kijana, wageni sita, Land Cruiser ya injini ya 1HZ. Nilikuwa H4 kwa sababu nilijiona dereva hodari na L4 niliiona ya waoga. Kwenye kona kali gari la mbele likasimama, nami nikasimama. Kuondoka tena: namba moja, nusu klachi, mafuta mengi. Likasogea, likasimama tena. Mara ya nne ikaja ile harufu, kama kucha iliyoguswa na kaa la moto. Mgeni mmoja mama akauliza kama kuna kitu kinapikwa. Nikamwambia ni breki za gari la mbele. Tulifika juu, lakini kesho yake klachi haikubeba hata mlima wa Rhotia, na mwenye gari alikata gharama kwangu.

Kosa lilikuwa kutegemea nusu klachi kufanya kazi ya transfa. Kwa L4 namba mbili ningeachia klachi yote ndani ya nusu hatua na gari lingepanda lenyewe. Kipimo ninachowapa vijana: kama mlima unakulazimisha kushikilia nusu klachi kwa zaidi ya sekunde mbili tatu, ulipaswa kuwa L4 kabla ya kona ya kwanza. Ni hivyo hivyo kurudi nyuma mlimani, maana gia ya nyuma ya H ni ndefu na watu huunguza klachi pale kuliko mbele.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una mkono wake. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000; njia ya magari ya Shira inafika karibu mita 3,500, na kule hewa ni kama theluthi mbili ya ile ya Tanga. Injini isiyo na tabo inapungukiwa kwa kiasi kile kile. Gari lililopanda Machame kwa namba tatu bila kulalamika litakushangaza kule juu, na mtu hudhani pampu ya dizeli imekufa. Weka L4, panda taratibu, angalia joto. Ukirudi Boma Ng'ombe utalikuta gari limepona lenyewe.

Likizima katikati ya mlima, usigeuze. Usikate kona hata nusu. Gari linalolala kwa ubavu mlimani linapinduka. Breki ya mguu, ingiza gia ya nyuma ya L4, achia klachi yote gari likiwa limezimwa, kisha washa ufunguo huku ukiachia breki taratibu. Gari la zamani litaanza kurudi likiwa ndani ya gia, limenyooka, linashikwa na injini. La kisasa linataka klachi ikanyagwe ndipo liwake. Basi breki isitoke mpaka gia ishike.

"Linateremka lenyewe"

Unashuka Seneto, ile njia ya kuteremkia kreta ya Ngorongoro, uko L4, na bado linakukimbia. Angalia mambo mawili. Mguu wako wa kushoto uko wapi? Wengi wanaukalia klachi kwa mazoea, na klachi ikishuka injini haishiki kitu, L4 imekuwa pambo. Toa mguu, uweke sakafuni. La pili, gia: uliingia na namba tatu ukitegemea kushusha njiani. Gia ya mteremko huchaguliwa juu, gari limesimama. Namba moja, au mbili kama mteremko si mkali, na unakaa nayo mpaka chini.

Ukiona nyuma inaanza kupita pembeni, matairi yanateleza kwa sababu yanazunguka polepole kuliko ardhi inavyopita. Mguu utataka kwenda kwenye breki. Mguu upe mafuta kidogo, matairi yashike, nyuma inanyooka. Mara ya kwanza inatisha.

Otomatiki hushika kidogo kuliko manyuo, hivyo weka L4 na mkono mkubwa kwenye L au 1, na breki utaigusa mara kwa mara. Gusa na kuachia, ukiikalia inachemka.

Wenye Land Rover Defender za zamani, na Arusha tunao wa kutosha kama ile Oktoba ya tamasha la 2024 ilivyoonyesha: hendibreki yenu haiko kwenye matairi, iko nyuma ya transfa, inabana propela. Kwa hiyo usiivute gari likiwa linatembea. Na ukipiga jeki tairi la nyuma bila kufunga difu ya kati, gari linaweza kuondoka juu ya jeki hendibreki ikiwa imevutwa. Funga ya kati, weka mawe, ndipo upige jeki.

"Usukani mzito, linarukaruka kwenye kona, mkono hautoki"

Umetoka porini, umefika lami Makuyuni, ukasahau. Kwenye kona matairi ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Gari la fowili ya kuweka na kutoa limefungwa mbele na nyuma pamoja, halina pa kumalizia tofauti hiyo. Kwenye vumbi matairi yanateleza kidogo, deni linalipwa. Kwenye lami kavu hayatelezi, deni linakusanyika ndani ya propela na meno mpaka usukani unakuwa kama wa trekta na mkono mfupi unabanwa. Ukiuvuta kwa nguvu unapinda fimbo.

Rudi nyuma mita tano, kumi, ukiwa umenyooka. Mara nyingi unasikia *dung* chini ya kiti na mkono unalegea. Ukigoma, peleka tairi za upande mmoja kwenye changarawe ya pembeni, tembea kidogo, jaribu. Likigoma kabisa, piga jeki tairi moja la mbele, lakini shika tahadhari: linapoinuka linaweza kuzunguka ghafla kwa nguvu iliyokuwa imefungwa. Kidole kisiwe hapo.

Na kama injini inalia kama iko kilomita 100 huku spidi ni 40, uko L4. Naandika hili kwa sababu mtu aliwahi kuja nalo gereji akitaka nifungue giaboksi.

"Inachomoka yenyewe" na "taa haiwaki"

Taa isiyowaka wakati matairi ya mbele yanavuta ni swichi ya kwenye transfa au waya wake, ni suala la kusafisha. Taa inayomweta muda wote ni kuwa kitu hakijafika mwisho.

L4 inayochomoka ukiachia mafuta kwenye mteremko ni jambo la kusimama. Anza na vitu vya bei ndogo: mipira inayoshikilia giaboksi, maana ikilegea giaboksi inacheza na kuvuta fimbo. Halafu marekebisho ya fimbo yenyewe. Halafu ile springi na gololi inayoshikilia mkono mahali pake. Meno yaliyolika huja mwisho, na hapo transfa inafunguliwa. Nimeona watu wakifunga mkono kwa mpira wa tyubu ili usitoke. Ukiwa unashuka Seneto na mkono umefungwa kwa mpira wa tyubu, omba mpira uwe mpya.

"Difu inalia baada ya kuvuka maji"

Difu ikiwa ya moto ukaitumbukiza kwenye mto, hewa ya ndani inajikunja na kunyonya. Kama bomba la kupumulia limeziba kwa tope, inanyonya maji kupitia sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje. Kwa hiyo vuta bomba hilo lipande juu hadi ndani ya boneti, na kabla ya kuvuka mto mrefu simama dakika kumi difu zipoe. Vuka L4 namba mbili, bila kubadili gia katikati, ukisukuma wimbi dogo mbele yako. Korongo likiwa linakuja na magogo, zima gari ukae. Makorongo ya huku hujaa haraka na kupungua haraka.

Ukirudi, fungua kizibo cha difu ya mbele uchungulie kwa tochi. Oili nyeusi au ya kahawia ni sawa. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga, weka mpya, endesha siku mbili tatu, fungua tena. Mara nyingi ya pili inatoka bado na ukungu, nayo unaimwaga. Ya tatu ikiwa bado chai, tazama nyuma ya tairi la mbele, pale kwenye ile nundu ya usukani. Kama grisi imekuwa nyepesi na inachuruzika hadi kwenye rimu, sili ya ndani ya ekseli imekwisha, na hakuna oili utakayoweka itakayodumu mpaka hiyo ibadilishwe.